Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya kusoma na kupima katuni mpya

Saa 12:30 asubuhi

Marekani, Jumatano ndiyo siku ya katuni mpya. DC, kampuni ya katuni za Superman na Batman, ilihamia Jumanne mwaka 2020, ikarejea Jumatano mwaka 2024, na foleni yetu ikarudi kuwa moja. Tukiwa Dar es Salaam saa zinatubeba: katika majira yao ya joto New York iko nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo duka la huko linalofunguliwa saa 4 asubuhi, kwetu tayari ni saa 11 jioni. Uhakiki uwe umekamilika kabla ya hapo.

Foleni ya leo: matoleo matatu ya Marekani, kila moja likiwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi, katuni fupi moja ya Kiswahili, na riwaya ya picha iliyochapwa, ya jioni.

Kwanza skrini. Ukurasa wa kawaida wa Marekani una upana wa kama inchi 6⅝ na urefu wa inchi 10¼, yaani ulalo wa inchi 12 hivi. Kishikwambi cha inchi 10 au 11 kinatosha. Simu hapana: inakulisha fremu (kisanduku cha mchoro) moja moja, na mpangilio wa ukurasa mzima, ambao ni nusu ya kazi ya mchoraji, huuoni. PDF iwekwe kurasa mbili mbili, jalada likisimama peke yake. Ukisahau jalada, kila ukurasa unasogea hatua moja, mchoro uliotandazwa kurasa mbili unakatika, na lawama anabeba mchoraji asiyehusika. Mwanga wa skrini uwe nusu, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake.

Saa 1:15 asubuhi

Usomaji wa kwanza, dakika 10 hadi 12 kwa toleo, kalamu ikiwa mbali. Ninachokumbuka ni mahali tu nilipolazimika kurudi nyuma. Msomaji hurudi kwa sababu amepotea njia, na aliyempoteza lazima atafutwe.

Saa 2:30 asubuhi

Usomaji wa pili ni wa macho matupu: maneno siyasomi. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, karibu nusu saa kwa toleo, na hapa ndipo wahakiki wengi wanaporuka. Wanasimulia hadithi aya nne, halafu wanamaliza na "michoro mizuri".

Ninaupunguza ukurasa hadi ukubwa wa stempu. Kama jicho bado linajua lianzie wapi na liishie wapi, mpangilio umeshika. Kisha ninaondoa rangi, skrini ibaki kijivu. Mhusika akizama kwenye ukuta ulio nyuma yake, mtia rangi alitegemea wekundu na ubluu kumtofautisha, akasahau mwanga na giza.

Halafu makosa ya mistari. Upeo wa bahari unapita juu kabisa ya utosi wa mtu, mti unaota kwenye kofia: mistari miwili inagusana na kina cha picha kinakufa. Watu wawili wanaoongea wasibadilishane pande bila sababu. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo mikia ya viputo vya maneno inapishana kama kamba za mbuzi. Manga, yaani katuni za Kijapani, ni kinyume, maana husomwa kutoka kulia.

Jambo la kushtua liwekwe baada ya kufunua ukurasa. Ila hapa kuna mtego: nakala za wahakiki mara nyingi huja bila matangazo, kwa hiyo ukurasa wa kushoto kwenye PDF unaweza kuwa wa kulia dukani. Simkati mtu alama kwa hilo kabla sijaliona toleo la karatasi.

Saa 5 asubuhi

Sasa maneno. Kipimo cha zamani cha Marekani ni maneno 35 kwa fremu, yasizidi 210 kwa ukurasa wenye fremu 6. Si sheria, lakini ukurasa wa maneno 300 huwa umemfukuza mchoraji chumbani mwake.

Katuni ya Kiswahili ina magonjwa yake. Herufi za katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza huwa na I mbili: yenye vijiti juu na chini, ambayo wao huiweka kwenye neno la "mimi" tu, na isiyo na vijiti, inayotumika kwingine kote. Mara nyingi I ya vijiti hukaa kwenye herufi kubwa ya kibodi, na isiyo na vijiti kwenye herufi ndogo. Mpanga herufi akiandika huku amefunga herufi kubwa, KITINI inajaa vijiti na inasomeka kama uzio. Dawa ni kuandika kwa herufi ndogo tu. Pia maneno yetu ni marefu: "hawajatuambia" haliingii kwenye kiputo kilichochorewa lugha nyingine, linakatwa ovyo. Likatwe kwenye silabi: hawaja-tuambia. Na sauti, jamani: tunazo pu, chubwi, paa. Mtu aliyeanguka majini kwa "SPLASH" ananipotezea robo alama.

Sheng haipunguzi kitu. Katuni ya Shujaaz ya Kenya ilianza mwaka 2010 kwa Sheng, na vijana waliielewa.

Saa 7 mchana

Chakula. Skrini imezimwa.

Saa 8 mchana

Alama ni 10: hadithi 3, usimulizi wa picha 3, uchoraji wenyewe 2, rangi 1, herufi 1. Ninazijaza kila moja peke yake ndipo nijumlishe, la sivyo jalada zuri linapandisha kila kitu. Katuni ya kawaida, isiyoudhi, hupata 6. Anayeanzia 8 hana pa kuiweka iliyo bora kweli.

Saa 9 alasiri

Maneno 250 kwa toleo. Mwandishi, mchoraji, mpiga wino, mtia rangi na mpanga herufi wote watajwe. Siri za nusu ya pili hazifunuliwi.

Saa 2 usiku

Riwaya ya picha, karatasi mkononi. Mgongo wake umegundishwa kwa gundi, hivyo ninafungua katikati nione ni uso wa nani umemezwa na mkunjo. Lenzi ndogo inaangalia herufi: zinapaswa kuwa za wino mweusi pekee. Zikichapwa kwa rangi nne na sahani za kuchapia, moja kwa kila rangi, zikipishana hata kidogo, kila herufi inaota kivuli chekundu au cha bluu pembeni. Ukurasa wa 61 una kivuli, wa 60 hauna. Hilo ni la mtambo. Alama ya herufi inabaki nzima, na kiwanda kinapata sentensi yake.