Hakunjiki

Jana nimepata usingizi saa tisa usiku, na neno hilo nimeamka nalo. Hakunjiki.

Ilikuwa Jumamosi, Mikindani, shughuli ya kumtoa mwali, binti wa kaka. Wanawake wote wamekaa mkekani, miguu wameinyoosha. Mimi bado niko mlangoni navua ndala, ngoma imenyamaza kidogo, shangazi akapaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Huyu mleteeni kiti. Hakunjiki."

"Nitakaa chini, shangazi."

"Utakaaje chini wewe? Kiti!"

Kikaja cha plastiki, cheupe. Nikakaa juu ya vichwa vya wenzangu. Wasichana wawili wakanitazama mgongo, kisha wakatazamana. Mwali alitoka amependeza, fedha za mnada wa korosho zimeingia, mdogo wangu kapata kibarua bandarini, yote hayo nimeyaona yakipita. Ninachokisikia ni kile kiti kikiburutwa.

Kweli sikunjiki. Watu wanadhani TB ni ya mapafu tu. Yangu ilikula pingili mbili za mgongo. Nilipasuliwa Dar mwaka 2001, nina miaka 9, wakaziunga kwa kipande cha mfupa walichokitoa nyongani mwangu. Palipoungwa hapapindi tena. Kazi yote ya kupinda imehamia pingili za chini, nazo zimeanza kuchoka. Ndiyo maana ile meza ya cherehani iko juu ya matofali, na kitambaa nakikata nimesimama. Nikipanda bajaji kwenye njia mbovu, nyonga ndiyo inayouma kuliko mgongo wenyewe. Korosho naokota kwa kuchuchumaa, mgongo wima. Miaka yote hii nimejifunza kufanya mambo yangu mtu asitambue ninavyoyafanya, halafu shangazi, kwa neno moja tu...

Leo mchana napiga pasi, nikakumbuka nilikolisikia kwanza. Mama alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo aliyeniuguza Dar ni shangazi. Siku ya kuruhusiwa nimefungwa hogo kutoka kwapani hadi nyongani, daktari akamwambia, "Huyu asikunjwe." Basi. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa, hilo ni la 2003, Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu. Njia nzima kanilaza mapajani, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya magoti, na kila abiria aliyetusogelea alimwambia, "Taratibu baba, huyu hakunjiki." Tulilala njiani. Sikumbuki kumwona yeye amefumba macho.

Jioni nimempigia. Sikumwambia kitu, nimemuuliza tu magoti yanaendeleaje. Naye akaniuliza, "Kile kiti hakikukuumiza, mwanangu?"

"Hakikuniumiza, shangazi."

Kitenge cha yule mwalimu wa Shangani, kile cha harusi ya Ijumaa, sikioni tangu juzi. Nimefungua mafurushi yote. Kama kimeingia kwenye mzigo wa mteja wa Newala, sijui nitampataje, simu yake haipatikani.