Futi Kamba ya Mama Mdogo

Mgeni wetu alifika Matema, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa sababu ya kusikia vibaya. Alikuwa Mmarekani wa jimbo la Georgia, fundi wa pampu za visima, na makazi yake yalikuwa Mbeya mjini. Siku moja, kwenye mgahawa Kyela, alikula samaki akamsifu, akauliza jina lake, akaambiwa ni mbasa. Kwao kuna samaki anaitwa bass, na watu huacha vitanda vyao saa tisa usiku kwa ajili yake, si kwa njaa bali kwa mashindano. Akadhani ni huyo huyo. Ijumaa iliyofuata akateremka na gari lake, fimbo tatu za kuvulia zimefungwa juu, akawauliza watu ufukweni, "Bass wako wapi?" Baba mdogo akanyoosha mkono, akamwonyesha ziwa lote.

Mbasa si bass, hata ukoo hawana. Bass ni wa kijani, ana tumbo la mzee wa mji na mdomo mpana kama mfuko, na kazi yake ni kujibanza kwenye majani na magogo akivizia. Mbasa ni mwembamba, anang'aa kama kijiko kipya, ni mkimbiaji, na mvua zikijaa hupanda mito inayoingia Ziwa Nyasa kwenda kutaga. Mgeni alipomwona wa kwanza alicheka hadi akakaa chini mchangani. Lakini hakurudi Mbeya siku hiyo. Alisema samaki anayekimbia hivyo anastahili kuvuliwa kwa fimbo, akapanga chumba, na kuanzia hapo akawa anakuja kila alipopata nafasi.

Hiyo ilikuwa Juni 2010. Nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo kwa baba mdogo. Jioni redio zote za Matema zilikuwa zinatangaza Kombe la Dunia kutoka Afrika Kusini, na upepo wa mwera ulikuwa ukivuma siku nyingine hadi mitumbwi ikabaki mchangani tangu asubuhi. Siku kama hizo tulikaa nje ya nyumba, baba mdogo akishona wavu, mama mdogo kwenye cherehani yake barazani, na mgeni akisimulia. Kiswahili chake kilitosha kuagiza simenti na kubishana bei, na kwa samaki kilitosha kabisa.

Kila alichosimulia kiliishia kwenye ukubwa. Alinieleza kwamba bass mkubwa kuliko wote katika rekodi alivuliwa kwao, Georgia, tarehe 2 Juni 1932, na kijana wa shamba aliyeitwa George Perry. Mvua ilizuia kazi ya shamba, akaenda kuvua. Samaki yule akapimwa kwenye mzani katika mji mdogo wa Helena, ukaonyesha ratili 22 na wakia 4, yaani kama kilo 10 na gramu 90. Halafu wakamla. Miaka ilikuwa ya shida, nani aweke kilo kumi za kitoweo ukutani? Rekodi ile ilikaa peke yake miaka 77, mpaka Julai 2009 ambapo Mjapani mmoja, Manabu Kurita, alivua katika Ziwa Biwa bass aliyemzidi wa Perry kwa gramu kama 27. Hakutangazwa mshindi. Sheria ya shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, inataka samaki wa kiasi kile azidi kwa wakia mbili, karibu gramu 57, ndipo rekodi ivunjwe. Chini ya hapo ni sare. Kabla ya kuipata hiyo sare Kurita alikalishwa kwenye mashine ya kupima uongo.

Baba mdogo aliacha kushona. "Mashine ya uongo? Kwa samaki?"

"Hasa kwa samaki," mgeni akasema.

Mimi hapo nilikuwa nimeshatekwa. Kilichonimaliza ni kanuni. Alisema mvuvi asiye na mzani humpima samaki kwa kamba: urefu kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, kisha mzingo wa tumbo pale penye unene zaidi. Kwa samaki mwembamba unazidisha urefu kwa mzingo, unazidisha tena kwa mzingo, unagawanya kwa 800. Kwa bass, kwa vile ana umbo lake, wengi huzidisha urefu kwa urefu kisha kwa mzingo, wanagawanya kwa 1,200. Unapata ratili. Lakini vipimo ni vya inchi, na mimi nilikuwa mtoto wa sentimita. Nikakesha na kibatari, nikabadilisha kila kitu, nikagundua kwamba kwa sentimita na gramu ile 800 inageuka kuwa 29. Ishirini na tisa! Niliiandika nyuma ya daftari la fizikia nikaizungushia mraba, kana kwamba nimeitunga mimi.

Asubuhi nikamjaribu samaki wa Perry. Mgeni alivijua vipimo vyake kwa kichwa: inchi 32 na nusu kwa 28 na nusu. Kwa kanuni ya bass nikapata kilo 11 na zaidi. Mzani ulisema kumi. Nikamwambia mgeni kwamba mzani wa Helena ulikuwa mbovu, Perry alidhulumiwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Au samaki hajasoma hesabu." Nilidhani anatania.

Siku ya mbasa wangu mwera ulitulia. Tulitoka kabla jua halijavuka milima ya Livingstone, mimi, baba mdogo na mgeni, tukaelekea upande wa mdomo wa Lufilyo, pale maji ya mto yanapoingia na rangi ya chai ya maziwa na kukutana na bluu ya ziwa. Baba mdogo alipiga kasia polepole. Mgeni alinipa fimbo moja, mwisho wa mshipi kuna kibati kilichokunjwa kama kijiko kinachozunguka na kumetameta. Sikuwa nimewahi kuvua bila chambo na nilihisi kama namdanganya mtu. Mara ya nne au ya tano kuvuta, fimbo ikapinda.

Sitasema mengi juu ya kumvuta, maana nakumbuka machache: mshipi ukikata maji, sauti ya baba mdogo ikisema "mwache aende, mwache," na mikono yangu iliyokuwa ikitetemeka hata baada ya samaki kulala ndani ya mtumbwi. Mgeni akatoa simu apige picha. Nikamshika mbasa kifuani. "Hapana," akasema, "nyoosha mikono! Mlete kwangu!" Picha ile ninayo hadi leo. Samaki anaonekana mrefu kama mguu wangu, na vidole vyangu vinavyomshika ni vinene kama ndizi. Ukiviangalia vidole ndipo unapojua ujanja ulipo.

"Kilo tatu," nikasema.

Baba mdogo alimlaza kwenye ubao wa mtumbwi, akafungua kiganja, akapima kuanzia mdomoni. Shubiri moja. Shubiri ya pili ikaishia pale nyama inapokoma na mkia unapoanza. Akampachika kidole gumba tumboni, akabonyeza. "Shubiri mbili. Kilo na robo, labda na kidogo."

"Na mkia?"

"Mkia unaula wewe?"

Kwa kweli niliumia. Tulipofika nyumbani nikaingia barazani, mama mdogo hayupo, nikachukua futi kamba yake pale juu ya cherehani. Ile ya njano, ina bati la shaba mwishoni. Nikaweka bati mdomoni mwa mbasa, nikavuta hadi ncha ya mkia: 53. Nikaizungusha tumboni: 31. Daftari likafunguliwa. 53 mara 31 mara 31, gawanya kwa 29. Gramu 1,756. Kilo moja na robo tatu. Haikuwa tatu, nakubali, lakini haikuwa shubiri za baba mdogo pia. Nikaenda ufukweni na samaki mkono wa kulia, daftari mkono wa kushoto.

Mama aliyekuwa akinunua samaki siku zile alikuwa na mzani wa kuning'iniza, wenye uso wa saa, ameufunga kwenye tawi la mwembe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtundika mbasa, akangoja mshale utulie, akasema, "Moja na mia tatu." Kilo ilikuwa shilingi 4,000. Akaanza kuhesabu 5,200.

Watu walikuwa wengi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, na akina mama wa Ikombe walikuwa wameteremsha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Mbele ya wote hao, mimi, mtoto wa kidato cha tatu, nikasema, "Mama, mzani wako unaiba."

Hakuna aliyecheka. Mchuuzi aliacha kuhesabu pesa. Nikafungua daftari nikaanza kumweleza mzingo, na bado nakumbuka jinsi sauti yangu ilivyozidi kupanda kadiri watu walivyozidi kunyamaza. Mgeni alikuwa amesimama nyuma yangu, na nadhani angependa ardhi immeze, kwani kanuni ilikuwa yake.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba mgeni chupa yake ya maji, ile ya lita moja na nusu, haijafunguliwa. "Shuleni mnafundishwa lita ya maji ni kilo ngapi?"

"Moja, mama."

Akaifunga kamba shingoni, akaitundika. Mshale ukapita kidogo tu alama ya moja na nusu, kwa uzito wa ile plastiki. Akaishusha, akamrudishia mgeni kwa mikono miwili, akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Kwangu hakusema kitu, na afadhali angenitukana.

Ndipo mama mdogo akaja, mbio mbio, anatafuta futi yake. Mteja alikuwa barazani anangoja kupimwa sare ya harusi. Akaiona imening'inia shingoni mwangu, imelowa magamba. Baba mdogo, aliyekuwa amefika naye, akamweleza kwa maneno mawili matatu. Mama mdogo akaniuliza jambo moja.

"Umeanzia ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri ipo wapi hapo?"

Nikaangalia. Baada ya lile bati la shaba namba ya kwanza niliyoiona ilikuwa nne. Mwaka mmoja nyuma pasi ya mkaa iliunguza ncha ya futi; akaikata kwenye tatu, akalirudishia bati mahali pake ili isichakae, na tangu hapo kila alipompima mtu alitoa tatu kichwani. Wateja wake wote walivaa nguo zilizowakaa sawa. Mbasa wangu ndiye peke yake aliyeshonewa kubwa.

Nikafanya hesabu pale pale, nimepiga magoti, maana ilikuwa rahisi kuliko kuinua uso. 50 mara 28 mara 28, gawanya kwa 29: gramu 1,352. Sentimita tatu kwenye urefu na tatu kwenye tumbo zilikuwa zimemnenepesha samaki kwa gramu mia nne, kwa sababu lile tumbo linazidishwa mara mbili, na kosa lake linazidishwa nalo. Hamsini zilizobaki kati ya daftari na mzani mgeni alisema ni za samaki mwenyewe. Kanuni hukisia umbo, na hakuna mbasa aliyechongwa kwa kipimo hicho. Baadaye, na kwa siri, nilipima shubiri ya baba mdogo akiwa amelala. Sentimita 22.

"Mwombe mama radhi," baba mdogo akasema. Nikamwomba. Akanihesabia zile 5,200, noti na sarafu, hakupunguza wala hakuongeza hata mia. Mgeni akamnunua mbasa yule yule kutoka kwake, kwa bei ya kuuzia, tukamla jioni kwa wali wa Kyela. Mama mdogo aliifua futi kwa sabuni mara mbili, na kwa likizo nzima iliyobaki ikakaa ndani ya kabati lenye ufunguo.

Nilirudi Matema Desemba. Nilikuwa nimesahau, au niseme nilikuwa najitahidi kusahau. Nikashuka ufukweni na baba mdogo, kambale wawili kwenye kamba, na mzani ulikuwa pale pale kwenye mwembe. Yule mama aliniona tangu mbali, akaweka viganja viwili mdomoni ili sauti ifike.

"Shikamoo mwalimu! Leo umeanzia ngapi?"