Kumsafirisha paka kwa ndege, Mtwara mpaka Dar

Jamani watu wa Mtwara mnaohamia Dar, paka wenu msiwaache nyuma. Basi ni zaidi ya kilomita 500 na joto lile mnyama anateseka sana, ndege ni kama saa moja tu. Ila pigia shirika kabla hujakata tiketi, maana mengine hayabebi wanyama kabisa na mengine wanakaa chini kwenye mizigo.

Kitu cha kuhangaikia zaidi ni kizimba. Lazima mnyama aweze kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa, matundu ya hewa yawepo ya kutosha na mlango usifunguke hovyo. Mimi changu nilikiweka sebuleni wiki kadhaa mlango wazi, nikatandika kanga yangu ya kulalia, paka wangu Chausiku akawa anaingia mwenyewe mchana anajikunja humo, siku ya safari alitulia njia nzima mpaka tulipofika uwanjani akasikia injini ndo akaanza kukwaruza.

Kwa daktari wa mifugo nenda mapema, kuna chanjo ya kichaa cha mbwa (ndio, na paka anachomwa) na cheti cha afya. Kwa wanaoenda Ulaya lazima zipite angalau siku 21 tangu chanjo ya kwanza, na chipu (kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) iwekwe kabla ya chanjo.

Dawa ya usingizi naomba sana msiwape, inashusha presha na pumzi na kule chini hakuna wa kumwangalia. Mbwa wenye pua bapa ndo wako hatarini zaidi, hewa inawasumbua hata wakiwa nyumbani. Chakula mpe kidogo masaa machache kabla, maji asinyimwe.