Mzee wa Reli na mistari ya chaki

Baba alifanya kazi reli miaka mingi, na hapa Tororo, Uganda, bado wanamwita Mzee wa Reli. Tangu ashikwe na ugonjwa wa Parkinson, kinachomtesa zaidi si kutetemeka bali mwili kuwa mzito na mwendo wa polepole. Akianza kufunga vifungo vya shati, chai inapoa, na mkono wa kulia haupungi tena akitembea.

Daktari alitueleza kuwa ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, hivyo mwendo unatoka mdogo kuliko alivyokusudia. Yeye anadhani kanyanyua mguu, kumbe anaburuta kandambili. Ndiyo maana mazoezi yake yote ni ya kutia chumvi: mikono itanuke mpaka vidole viachane, hatua iende mbali hata kama anaona anachekesha watu. Upo mtindo mzima wa mazoezi ya namna hii, unaoitwa LSVT BIG, wa vipindi vya saa moja, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 4. Sisi tunafanya yetu barazani, tulivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nilichora mistari ya chaki sakafuni, kila mmoja hatua nzima kutoka mwenzake. Mzee akaitazama, akauliza, "Haya si mataruma?" Alimaanisha yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Akaanza kuikanyaga, taruma kwa taruma, mgongo wima. Mguu uliokuwa umegoma mlangoni ukipata mstari wa kulenga, mara nyingi unatoka. Mdundo nao unasaidia, kwa hiyo mjukuu anapiga jerikeni na babu anafuata.

Kusimama kutoka kitini kuna utaratibu wake: sogea ukingoni, rudisha miguu nyuma, inamisha kifua mbele, hesabu tatu, inuka kwa nguvu.

Kabla ya mazoezi tunangoja dawa yake, levodopa, ishike kwanza, nusu saa hadi saa moja. Bila dawa ni kumchosha bure. Wanaoniletea mizizi ya "kuponya kabisa", naomba wanipishe.

Majirani wanasema nimwache mzee apumzike. Apumzike mpaka viungo vikauke? Ninalowaomba ni moja tu: akiwa anatembea, msimsalimie. Najua kwetu salamu ni ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, lakini akijibu huku anatembea hatua zinafupika na anaweza kuanguka. Mngojeni akae, ndipo mmuulize hata habari za treni.