Valvu iliyonyamaza

Jamani nimetoka gereji Ndeeba hapa Kampala sasa hivi, mikono bado inanuka oili.

Gari langu lina wiki mbili linapiga tak tak tak asubuhi likiwa baridi, mi nikasema petroli tu. Leo fundi akafungua kava ya juu, akazungusha injini pole pole kwa mkono, akawa anaingiza fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, chini ya kamshafti, shafti inayosukuma valvu, yaani vile vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, valvu moja moja.

Akafika silinda ya tatu, valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi. Kibapa cha milimita 0.10 kikagoma kuingia kabisa, nafasi imebana!

Akaniambia dada, ile inayopiga kelele nafasi imezidi tu, tunabadilisha shimu, kile kisahani cha kurekebisha nafasi, inaisha, ya kuogopa ni hii iliyonyamaza, maana injini ikipata moto valvu inarefuka, na nafasi haipo, haikai vizuri kwenye kiti chake, pale inapofungia, na kwenye kiti hicho ndo inapopoa, isipokaa inaungua taratibu na wewe husikii kitu.

Nimeshindwa kuacha kuifikiria hiyo valvu. Kimya chote hicho, na nilikuwa niende nalo Mbarara wikendi.

Nyie mlipima valvu mara ya mwisho lini? Na nani ananijulia duka la spea pale soko la Kisekka lenye shimu orijino?