Mfikasi wangu, masizi na sisimizi: mwezi wa saba

Nimehesabu mara mbili nisije nikajidanganya. Magamba 40 ya wadudu wanaofyonza mti wangu wa mfikasi, yote kwenye tawi moja la chini, na 13 kati yake yana tundu. Tundu dogo la duara, safi, kama mtu kapita na ncha ya sindano. Leo nimeshinda nikichekacheka peke yangu chini ya mti.

Kwenye kumbukumbu iliyopita niliahidi mambo matatu: kuondoa matawi makavu kabla ya mvua, kuweka matandazo mapya, na kuanza kalenda ya mwaka mzima kwa miti yote mitano. La kwanza limefanyika. La pili limefika nusu. La tatu hata karatasi sijaitoa. Lawama zote ziende kwa mfikasi, yule Ficus benjamina wa majani madogo yanayoninginia, ambaye amenila muda wangu wote.

Mambo yalianza na weusi kwenye majani. Nikadhani ni ugonjwa, nikapulizia dawa ya ukungu mara mbili. Bure kabisa. Ule weusi ni ukungu kweli, lakini hauingii ndani ya jani. Unakaa juu tu, ukila majimaji matamu yaliyodondoka kutoka matawi ya juu. Paka mate kidoleni, sugua, unatoka. Kosa lake ni kulizibia jani mwanga. Kwa hiyo swali halikuwa "ukungu gani huu?", bali "nani anadondosha sukari?"

Nilipoinua kichwa nikawaona: wadudu gamba wa nta. Vidonge vyeupe vilivyochafuka, vimejipanga kwenye vijiti kama matone ya mshumaa. Nikafanya kosa la pili. Kwa kuwa mti ulionekana mnyonge, niliupa mbolea yenye naitrojeni nyingi. Ukachipua vizuri sana, na wale wafyonzaji wakala karamu kwenye machipukizi laini. Mti uliojaa wafyonza utomvu haulishwi hivyo. Nilikuwa nalijua hilo, na bado nikafanya.

Halafu ikaja miezi ya mafuta ya mwarobaini. Mililita 100, sabuni ya maji kidogo, lita 10 za maji, napulizia jioni jua likishapoa, kwa sababu mafuta kwenye joto kali huunguza majani. Kila baada ya wiki mbili napanda ngazi. Kila baada ya wiki mbili wako palepale. Nililaumu mafuta, nikalaumu bomba. Bomba lenyewe lina haki ya kulaumiwa: pua yake inaziba kila mafuta yakiganda, na usipoisuuza kwa maji ya sabuni siku hiyohiyo, kesho unafungua kila kitu kwa koleo. Lakini shida haikuwa bomba. Mama mzima amejifunika nta, mafuta yanateleza juu yake kama maji kwenye jani la myugwa. Chini ya nta ile kuna mamia ya mayai. Anayekufa kwa mafuta ni mtoto, tena katika zile siku chache anapotambaa kutafuta pa kukaa.

Nikajua basi kwamba kazi ni kuwavizia watoto. Nikazungushia selotepu ya pande mbili kwenye vijiti sita na kuikagua kwa lenzi kila asubuhi. Kwa siku kumi na moja, vumbi tu. Siku ya kumi na mbili, vinukta vyekundu-kahawia vimenasa, vingine bado vinachezesha miguu. Wiki moja baadaye, kwenye mshipa wa kati wa majani, zikatokea nyota nyeupe ndogondogo: watoto waliokwisha kutulia na kuanza kutoa nta. Nikapulizia mara tatu mfululizo, siku kumi kati ya kila awamu. Idadi ikashuka kweli. Nikashangilia. Mwezi uliofuata majani yakaanza kunata tena.

Ndipo nikakaa chini kwa hasira, nikautazama mti bila kufanya lolote kwa karibu saa nzima. Nilipaswa kufanya hivyo mwezi wa kwanza. Kwenye shina kulikuwa na barabara mbili za sisimizi, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na wanaoshuka wamevimba matumbo. Wanakamua. Wale gamba ni mifugo yao, na mchungaji hakubali mifugo yake iliwe. Nyigu wadogo kupita kiasi, ambao hutaga mayai ndani ya gamba, hawapati nafasi ya kutua. Wadudu kibibi nao wanang'atwa na kufukuzwa. Mimi nilikuwa naua kwa bomba wiki mbili mara moja, huku sisimizi wanalinda usiku na mchana.

Nilivyowakatia njia ni hivi. Jaribio la kwanza nilipaka girisi moja kwa moja kwenye gome. Msifanye. Gome limeingia doa jeusi na sehemu moja limeanza kupasuka. La pili nilizungusha ukanda wa plastiki na gundi ya kunasia wadudu juu yake, na sisimizi wakapita chini ya plastiki, kwenye mifereji ya gome, bila hata kuchelewa. La tatu ndilo lililofaa: kwanza pamba iliyokandamizwa kwenye kila mfereji, kisha plastiki iliyobana, kisha gundi. Kesho yake barabara ilikuwa imekufa.

Siku tatu baadaye wapo tena juu! Nusura nitupe ngazi. Nilizunguka mti mzima hadi nikaona kijiti kimoja, chembamba kama penseli, kimeegemea uzio. Sisimizi wote walikuwa wakipita hapo. Nikakikata, pamoja na kila tawi lililogusa ukuta au mti jirani.

Kwa kukata natumia msumeno wa kukunja. Panga liko stoo na libaki huko. Halikati tawi, linalichana. Nakata nje kidogo ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapotoka kwenye shina, na vidonda sivipaki rangi. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti kuonyesha kwamba mti haufungi kidonda kama ngozi yetu, unakizungushia kuta kwa ndani na kuendelea kukua kwa nje. Rangi haiujengei ukuta huo. Utomvu mweupe wa mfikasi ukinata kwenye msumeno, mafuta ya kupikia huutoa, kisha spiriti kabla ya kwenda mti mwingine.

Sasa ni wiki ya sita bila sisimizi, na sijapulizia chochote tangu hapo. Matundu 13 kati ya 40 maana yake ni kwamba katika magamba hayo nyigu amekua, amekula, ametoboa na kuondoka. Machipukizi mapya ni ya kijani tupu. Majani ya zamani bado meusi. Nitayaacha, mvua itayaosha polepole na mengine yatapukutika yenyewe.

Ukanda nausogeza juu kidogo kila mwezi ili usibane shina, na gundi naikwangua, kwa sababu majani makavu yakinasa juu yake yanakuwa daraja. Kalenda ya miti mitano nilikuwa nianze Jumamosi. Lakini jana nimeona sisimizi wanapanda mti wa pili, na selotepu imebaki nusu.