Asilimia 96

Jumanne jioni binti yangu aliweka fomu ya shule mezani, katikati ya sahani ya ugali na kompyuta yangu, akauliza, "Baba, kazi yako inaitwaje?" Kazi ya mama yake alikwisha kuiandika bila kumuuliza mtu: muuguzi msaidizi. Kwangu kalamu ilikuwa imesimama.

"Andika mchoraji," nikasema.

"Lakini asubuhi unakamua ng'ombe."

"Basi andika mkulima."

"Na usiku uko kwenye kompyuta."

Wiki hii shuleni wanasoma habari za Wilson Bentley, yule mkulima wa Jericho, hapahapa Vermont, aliyeunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji Januari 1885. Hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa na picha zaidi ya 5,000, na shamba lilikuwa bado halijamtoka mikononi. Binti akataka kujua: Bentley naye, kwenye fomu, angeandikwa nani? Mstari wenyewe ni mfupi, neno moja tu linaenea.

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia shavu lake. Kila nikiulizwa habari ya kazi yangu narudi kwenye shavu lile, lilivyokuwa chini ya mwanga wa tochi, na yeye hana hata mwaka mmoja na nusu.

Mnaonijua tangu Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mnajua mimi ni mwandika vibao. Saluni, kinyozi, duka la kuchajisha simu, makanisa yasiyohesabika. Nusu ya herufi mlizokuwa mkizisoma njiani ni za mkono wangu. Halafu tukaletwa Marekani, kwenye jimbo hili la Vermont ambalo mabango ya barabarani yamepigwa marufuku kwa sheria tangu 1968. Safari yangu ya kwanza kutoka Burlington kwenda kaskazini nilikaa dirishani nikitafuta hata bango moja. Milima, ng'ombe, ghala jekundu, milima tena. Nikajiuliza mtu wa brashi atakula nini huku. Nikafagia usiku, nikapakia mizigo, mke wangu akapata kazi kwenye nyumba ya wazee huku kaskazini-mashariki, tukahama kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Nikapata kazi ya kukamua. Nikanunua kompyuta ya mkono wa pili, nikajifunza Inkscape, programu ya kuchora, kwa sababu ni ya bure, kisha nikajifunza kuzifanya herufi zitembee. Miaka mitatu hiyo. Naipita haraka kwa sababu yenyewe ilipita polepole sana.

Machi 2017 kampuni moja ya Boston ikanipa jaribio. Filamu ya katuni ya dakika moja, ifike kwao kabla ya saa sita usiku, siku ya Ijumaa. Jumanne ya wiki hiyohiyo ikaja ile dhoruba iliyoiangushia Burlington theluji ya zaidi ya sentimita 70. Nilichora wiki nzima. Ijumaa saa kumi na mbili jioni faili lilikuwa tayari, megabaiti 900.

Intaneti ya nyumbani ilikuja kwa waya wa shaba wa simu ya zamani. Kupokea ilijitahidi, kutuma ilikuwa kama kumimina uji kwenye shingo ya chupa. Nilipiga hesabu: saa tatu. Nikaanza. Saa mbili kasoro waya ukakatika, na simu ya mkononi kwenye bonde letu haikuwa na mtandao hata wa kumpigia jirani.

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku. Mwenzake alikuwa amempitia kwa gari lake. Nikamfunga mtoto kwenye kiti chake nyuma, nikamfunika kitenge cha mama yangu juu ya blanketi, tukaenda kilomita 11 hadi kwenye maktaba ya kijiji. Kila mtu huku anajua maktaba ikifungwa huacha waifai ikiwaka usiku kucha. Utakuta magari yameegeshwa gizani na nyuso za watu zina mwanga wa buluu: mwanafunzi anatuma kazi ya chuo, fundi anatuma ankara. Usiku ule nilikuwa peke yangu. Ukutani upande wa chumba cha watoto ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu, kwa hiyo nikarudi nyuma taratibu, nikarudi tena kidogo, hadi nikahisi gari limegusa tuta la theluji lililoachwa na greda. Nikaridhika. Injini nikaiacha ikiunguruma ili mtoto apate joto. Nje ilikuwa baridi ya kugandisha pumzi. Vioo nikavifunga vyote.

Nikaanza kutuma upya. Asilimia kumi. Kumi na nne. Mstari wa kijani ulikuwa ukisogea kama konokono, unasimama, unasogea. Asilimia 40 kichwa kikaanza kuuma. Nikasema ni skrini, nimekesha siku nne. Asilimia 70 nikageuka nyuma, mtoto amelala vizuri, kimya. Nikafurahi kwamba hasumbui. Hilo nalo nalikumbuka: nilifurahi.

Saa tano na dakika ishirini ilikuwa 96.

Mwanga wa tochi ukapiga kioo. Nikajua ni polisi, nikaweka mikono yote miwili juu ya usukani kama tulivyofundishwa siku za kwanza. Lakini alikuwa bibi mmoja, koti kubwa juu ya gauni la kulalia, mabuti, mkononi ana koleo la theluji. Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Nikatazama skrini. 96. Nikamtazama yeye.

Nikainua kidole kimoja. Nisubiri kidogo.

Akagonga tena, kwa nguvu, akasema kitu. Neno alilolitumia kwa bomba la moshi, "exhaust", mimi kwa Kiingereza changu cha wakati ule nililijua kwa maana ya kuchoka tu. Nikadhani ananiuliza kama nimechoka. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo mama, sana. Na kidole changu bado kiko juu.

Hakungoja. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, baridi ikaingia kama maji, akaunyoosha mkono juu ya bega langu akazima gari kwa ufunguo. Kisha akamulika mtoto. Shavu lilikuwa jekundu, na kichwa kikaangukia upande mmoja alipofungua mkanda, kikaanguka kizito, si kama kichwa cha mtoto aliyelala. Akamtoa nje kwenye baridi. Nilishuka, miguu haikunishika, nikapiga magoti kwenye theluji. Bibi alikuwa akimsugua mgongo na kumwita, hajui jina lake, anamwita tu kama watu wanavyowaita watoto. Sijui ilikuwa muda gani. Ukiniambia sekunde tano nitakubali, ukiniambia dakika mbili nitakubali pia.

Halafu akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa na mtu asiyemtaka.

Nilipokuwa narudi nyuma kutafuta mtandao nilikuwa nimelichomeka bomba la moshi ndani ya tuta la theluji. Moshi haukuwa na pa kwenda, ukaingia ndani kwetu. Gesi ya moshi ule, kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu. Watoto wa huku hufundishwa na baba zao: kabla ya kukaa ndani ya gari linalonguruma wakati wa theluji, zunguka nyuma ufukue bomba. Mimi baba yangu alinifundisha mengi, theluji hakuwahi kuiona. Bibi anakaa ng'ambo ya barabara; aliona taa za nyuma zinawaka ndani ya theluji, akajua maana yake, akachukua koleo.

Wakaja watu wa huduma ya dharura wa kujitolea, wawili, wakatubana vidole kwa kidude cha kupimia gesi ile kwenye damu, wakatuvalisha barakoa za oksijeni jikoni kwa bibi, wakakaa nasi hadi walipoona tumerudi sawa. Saa saba usiku nilirudi garini kuchukua kompyuta. Faili lilikuwa limefika saa 5:41. Wakati linamalizika mimi nilikuwa nimepiga magoti.

Kampuni ilijibu baada ya wiki tatu, mistari miwili. Walimtaka mtu anayekaa karibu na ofisi.

Yaliyofuata mnayajua. Bibi yule, ambaye hujitolea pale maktaba, aliniomba kibao cha mbao cha mlangoni. Mlangoni pako sheria haikukatazi kibao. Nilikichora kwa brashi, kwa herufi zile za Nyarugusu zenye kivuli upande wa kulia. Mzee mmoja mwenye miti ya meipo akakiona, akataka lebo za makopo yake ya shira. Ndiye aliyenionyesha jinsi galoni 40 za utomvu zinavyochemshwa hadi ibaki galoni moja, na mvuke wake hunukia sukari guru kabisa, ukifumba macho uko kwenye kinu cha miwa. Baada yake mtu wa jibini, mtu wa asali, kiwanda kidogo cha bia kilichotaka katuni ya sekunde 15. Huku kazi hainipati kwa barua ya maombi. Inakuja kwa sababu mtu ameona kopo mezani kwa jirani yake. Watu wa jimbo zima ni laki sita na elfu arobaini na kitu. Ukiharibu lebo moja utakutana na mwenyewe dukani, ukiipatia utakutana naye pia.

Mwaka uliofuata, 2018, jimbo lilipitisha sheria ya kuwalipa hadi dola 10,000 watu wa nje watakaohamia huku wakiwa na kazi zao za kompyuta. Niliielewa haja yake, vijana wa hapa wakimaliza chuo wanakwenda Boston na mbali zaidi. Lakini usiku niliosoma habari hiyo nilikuwa maegesho ya maktaba, mbali na tuta, injini imezimwa. Sasa miji ya huku imejiunga pamoja kuvuta mkongo, na umefika hadi kwenye barabara yetu ya vumbi. Megabaiti 900 zinakwenda kabla chai haijapoa.

Vijana wananiandikia, wengine bado wako kambini, wengine Winooski hapa Vermont, wengine Lewiston kule Maine: inawezekana kuishi kwa kuchora na kompyuta mahali kama huko? Nawajibu inawezekana, na ni kweli. Nawaambia habari za lebo, subira na majirani. Habari ya kidole siwaambii.

Mke wangu alijua kuhusu bomba tangu asubuhi ile aliporudi kutoka kazini. Tulilia wote wawili, akanisamehe, kwa sababu theluji si ya kwetu na nisingejua. Kidole sikumwambia. Kutojua bomba ni ugeni. Kidole kile sijui nikiite nini. Nimejitetea kwamba sikujua alichotaka, kwamba hata mtu mwema angesema subiri kidogo. Lakini mtu amekuja usiku, kwenye baridi ile, na koleo mkononi, na mwanangu yuko nyuma kimya, na mimi niliangalia kwanza namba.

Jana usiku, kabla ya kuandika haya, nilimwambia. Nilitaka ayasikie kwangu kwanza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa mtoto, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia kitanda kikilia alipoketi.

Fomu inatakiwa shuleni Ijumaa. Iko mezani hapa.